Tangi wamelinyonya vizuri, tuta wameliponda

Kazi ya kunyonya tangi la majitaka yenyewe sina ugomvi nayo. Gari la kunyonya lilifika kwangu Nkuhungu, Dodoma, kuelekea mwisho wa msimu wa mvua, na vijana hawakuishia kwenye maji ya juu kama wafanyavyo wengi, bali waliondoa hata tope la chini pamoja na utando wa mafuta. Kwa hilo peke yake ningewasifu.

Lakini dereva, ili ageuze gari kwa urahisi, alilipandisha juu ya tuta langu la kuchujia majitaka. Kiwanja changu kina udongo mfinyanzi usiokubali kunywa maji, kwa hiyo shimo la kawaida la kufyonzea lilikuwa likifurika kila mvua inapokolea. Ndiyo maana majitaka yakishatuama kwenye tangi husukumwa kwa pampu hadi kwenye mabomba yenye matundu, yaliyolazwa katika kokoto ndani ya tuta la mchanga, kisha yanachujika polepole yakishuka. Mchanga huo hufanya kazi kwa kuwa una nafasi za hewa wanamoishi bakteria wanaosafisha maji. Gari zito likipita juu yake, tena ukiwa umelowa, nafasi hizo hujifunga, na hakuna reki itakayozifungua. Mimi hata ng'ombe wa jirani siwaruhusu kukanyaga pale.

Nilipomwonyesha msimamizi alama za magurudumu, alicheka. "Mama, si tuta la viazi tu hili? Litainuka lenyewe." Akadai malipo, nami nikalipa yote huku nikitetemeka kwa hasira.

Haukupita muda mrefu, maji meusi yenye harufu yakaanza kuvuja ubavuni mwa tuta, upande wa mteremko. Nilipompigia simu alinijibu kwamba wao hushughulika na tangi tu, mengine nimwite fundi wangu.

Nilikusudia kusema kwamba huduma yao ni nzuri ila ina kasoro. Nikikikumbuka kicheko kile, siwezi. Mwenye shimo la kawaida pengine hatajuta kuwaita, maana tangi kweli wanaliweza. Mwenye tuta alizungushie uzio kwanza na gari alisimamishe barabarani. Mpira wao wa kunyonyea ungefika bila shida: niliuona kwa macho yangu umeviringishwa ubavuni mwa gari, na nusu yake hawakuifungua kabisa.