Kabrasha la hukumu za ndoa, steshenari ya Kanyenye Tabora: zuri ila wamekata sehemu tamu

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hili kabrasha ni hukumu za nchi mbalimbali kuhusu ndoa za jinsia moja, zimeprintiwa mbele na nyuma zikapigwa spairo, elfu kumi na mbili, linauzwa steshenari moja ya Kanyenye ambayo siitaji jina maana nitawasema kidogo. Wanunuzi ni sisi tunaosoma sheria kwa masafa na vijana wa ofisi za mawakili. Ukiulizia usipaze sauti, mama wa pale kaliweka chini ya kaunta kalizungushia gazeti, nikamwambia shikamoo mama, mbona umelificha kama gongo, akasema marahaba mwanangu, watu wanasoma jalada tu wanaanza kunihubiria. Namwelewa kabisa. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 9 inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, kwa hiyo hapa kwetu hakuna cha kwenda kusajili kesho. Na kabrasha halimshawishi mtu chochote, ni majaji tu wanaongea.

Mpangilio ndo umenikosha. Linaanza na kesi ya Fourie ya Afrika Kusini, 1 Desemba 2005, Jaji Albie Sachs anasema sheria ya ndoa inabagua, ila hakuwaozesha watu siku ile, Bunge likapewa miezi 12 lirekebishe lenyewe na sheria mpya ikaanza 30 Novemba 2006, siku moja tu kabla muda haujaisha, wabunge ni walewale kila mahali. Jaji Kate O'Regan alikubali kuna ubaguzi ila akauliza sasa kwa nini watu wasubiri, si mahakama irekebishe leo leo. Hiyo mabishano ya muda na amri ndo kitu nilikua sijawahi kukiona vizuri darasani, maana tunafundishwa nani kashinda halafu tunahama.

Afu ukifunua unakutana na Taiwan, hapo ndo utamu. Mahakama inasema kuwanyima ndoa watu wa jinsia moja ni kinyume cha katiba, inatoa miaka miwili irekebishwe, 24 Mei 2017, mwaka unaofuata wananchi wanapiga kura ya maoni wanasema Kanuni ya Madai, ile sheria yao kuu inayosimamia na ndoa, isiguswe, ndoa ibaki ya mwanaume na mwanamke, sasa bunge limebanwa, huku majaji huku wapiga kura, likaamua kutunga sheria ya pembeni kabisa bila kugusa ile kanuni, ikaanza 24 Mei 2019, tarehe ileile ya mwisho. Nilisoma usiku mpaka luku ikakata.

India ya 17 Oktoba 2023 imewekwa fupi, majaji wote watano wanasema haki ya kuoana haimo kwenye katiba, kaulizeni Bunge. Kenya nayo ipo na nashukuru, maana grupu letu la WhatsApp mwaka 2023 watu walikesha wanasema Kenya imeruhusu ndoa, wakati ile hukumu ya Februari ya Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilihusu shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji kunyimwa usajili. Ndoa haikuwemo, na isingeweza kuwemo kirahisi, Katiba yao ya 2010 ibara ya 45 imeshaandika kabisa kwamba haki ni ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Sachs alikua na katiba inayotaja mwelekeo wa kijinsia kwenye orodha ya ubaguzi, jaji wa Nairobi hana hiyo. Jaji anapika na unga aliokuta jikoni.

Sasa lawama. Kesi ya Obergefell ya Marekani, iliyoruhusu ndoa hizo nchi nzima, 26 Juni 2015, majaji tano kwa nne, wameweka ya Jaji Kennedy peke yake na wale wanne waliopinga wote wamekatwa! Eti kupunguza peji. Jamani. Kila mmoja wa wale wanne aliandika ya kwake, na ya Jaji Mkuu Roberts ndo inauliza swali lenyewe, kwamba wananchi walikua wanabishana jimbo kwa jimbo, majaji watano wamefunga mjadala kwa mamlaka ya nani? Ukikubaliana naye au usikubaliane, huwezi kuandika asaimenti ya kazi ya mahakama bila kumsoma, utakua umesikiliza upande mmoja tu wa kesi.

Aliyeweka kesi yetu ya Rebeca Gyumi mwishoni apewe soda. Haihusu jinsia moja kabisa, ni umri wa msichana kuolewa, vifungu vya 13 na 17 vya sheria yetu hiyohiyo, Mahakama Kuu 2016 na Rufani 2019, lakini ukitoka Fourie ukaingia pale unaona staili ni ileile, mahakama inasema kifungu kinapingana na katiba halafu inaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Kumbe na sisi tunayo hiyo kitu.

Karatasi ni nyepesi, wino wa nyuma unaonekana mbele, na spairo inafunguka ukilibeba kwenye boda. Mama kaahidi ya wale wanne ataiongeza akiprinti tena, mi sikusubiri, nilimwambia anitolee ya Roberts peke yake kwa mia mia kila peji, akanitolea hapohapo na stepo ya bure. Jumapili wamefunga, wahini Jumamosi kabla ya saa nane.