Multimita ya 15,000 iliyomfundisha binti yangu desimali

Nimekaa na multimita hii miezi mitano. Ni kile kifaa cha kupimia umeme, ile ndogo ya njano ya kidijitali, mafundi wanaiita testa. Niliipata Kariakoo kwa shilingi 15,000, betri yake ya volti 9 ikiwemo ndani. Wala sikuinunua kwa ajili ya masomo, nilitaka tu kujua betri zipi za redio zimekwisha.

Aliyeiteka ni binti yangu wa darasa la sita, ambaye desimali zilikuwa zimemshinda kabisa. Jioni moja alipima betri mbili. Ya kwanza, swichi ikiwa kwenye 20, yaani kipimo cha hadi volti 20, ikasoma 1.58. Ya pili akaipima swichi ikiwa kwenye 200, ikaja 01.6. "Mama, ya kwanza ndiyo ina nguvu, 58 si inazidi 6?" Nikamwambia azungushe mpaka 2000m, yaani milivolti, sehemu za elfu za volti. Ya kwanza 1582, ya pili 1604. Akanyamaza, akapima tena, akazibadilisha mikono akapima mara ya tatu. Tangu siku hiyo mchezo wake ni kuchukua betri moja na kuipitisha kila kipimo aone nukta inahamia wapi: 1582, 1.58, 01.6, na kwenye 1000 inabaki 002 tu. Daftari la hesabu halikuwahi kumwonyesha kwamba tarakimu zinazopotea hivyo zilikuwa umeme wa kweli.

Kaka yake yupo kidato cha pili, na V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) alikuwa anaiimba tu. Tukachukua rezista, kile kipande cha kuzuia mkondo, ya omu 1000 (mistari yake kahawia, nyeusi, nyekundu). Mita ikasema 987. Betri ya volti 9 ikasoma 9.20. Akagawanya volti kwa omu, akapata ampea 0.00932, yaani miliampea 9.32. Tulipopima mkondo wenyewe ukaja 9.23. Alikasirika, akadhani amekosea hesabu. Kumbe mita nayo ina ukinzani wake, kama omu 10 hivi kwenye kipimo kile. Akagawanya upya kwa 997, jibu likakaa.

Sasa kasoro. Waya za kupimia ni nyembamba mno, mmoja ulikatika shingoni mwezi wa pili nikauchomelea risasi. Haijizimi yenyewe, ukiisahau imewashwa, betri inaendelea kuliwa. Karatasi ya maelezo ina maandishi ya kutafutia miwani. Na kwenye soketi ya ukutani, yenye volti 230, nimewapiga marufuku watoto. Mita ina alama ya kupima huko, sawa, lakini waya za bei hii mimi siziamini.

Fyuzi tumeunguza moja, na hapo kosa lilikuwa letu: kijana alisahau swichi kwenye miliampea akagusisha ncha zote mbili moja kwa moja kwenye betri. Kuanzia hapo ikawa haisomi mkondo kabisa, ila volti inasoma vizuri. Fyuzi mpya ilikuwa shilingi 500. Chukueni mbili kabisa mkiwa bado dukani.