TAHADHARI: Fito za "mninga mkavu" za kuundia modeli za meli, zinazotumwa kwa basi kutoka Mafinga

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaounda meli ndogo za mbao, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na picha nzuri za mninga. Msimtumie hela kabla hamjaushika mzigo.

Mimi si mgeni wa mbao. Nimechonga vinyago na kutengeneza samani ndogo miaka 11 kabla ya kuingia kwenye modeli za meli mwaka huu, na bado amenipata, kwa sababu anajua pa kuficha.

Niliagiza fito 60 zenye unene wa milimita 2, za kufunika mataruma (mbavu za ndani) ya jahazi la futi 40 ninaloliunda kwa kipimo cha 1:40. Nilitaka mninga kwa sababu ukishakauka hausinyai ovyo wala haupindi, na jahazi langu silipaki rangi, nalipaka mafuta tu. Nikalipa 48,000 kwa simu. Mzigo ulifika stendi umebanwa kwa nailoni. Nilipoushika niliusikia wa baridi, kama mbao yenye maji, lakini Juni hapa Mbeya kila kitu ni cha baridi, nikapuuza.

Fito za juu zilikuwa mninga kweli. Nikafunga tano kila ubavu, kuanzia kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) kwenda juu. Jioni ya tatu nikafika katikati ya furushi, nikapitisha randa ukingoni, ndani nikakuta weupe. Paini iliyochovywa rangi! Nikapima fito 10 zilizokuwa bado kwenye nailoni: gramu 33. Baada ya kuzikausha kwenye oveni: gramu 25. Yaani maji ni asilimia 32 ya uzito wa mbao kavu. Hata ule mninga wa kweli ulikuwa mbichi. Wiki mbili baadaye zimekauka na kusinyaa, wembe unapita kati ya mbao na mbao, na ubavu mzima nimeubandua. Kazi ya usiku mwingi, inauma.

Nilipomwandikia alijibu "Mbao ni mbao, kaka," kisha akanifungia. Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Sasa nasikia anawauzia vijana wanaoanza, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Vijana, fungueni furushi katikati, si juu. Kateni ncha kwa wembe mkali muiangalie: mninga una vitundu vidogo kama vya sindano, paini haina, ina mistari ya miaka na harufu ya utomvu. Weupe peke yake si ushahidi, maana mninga nao una weupe wake upande wa nje, karibu na gome.

Paini yenyewe haina ubaya, viunzi vya ndani natengenezea hiyo hiyo. Ila niuzie kwa jina lake na bei yake.

Kwa sasa nachukua masalia ya mninga kwa mafundi samani wa Mwanjelwa hapa Mbeya, nachagua kwa mkono wangu na kupasua mwenyewe. Mwenye furushi lake ambalo hajalifungua aje nalo, tulipime pamoja.