Miezi minne na CalculiX: jukwaa la jenereta na hesabu ya kujumlisha modi

Nimeitumia CalculiX kwa miezi minne katika ofisi yetu ndogo ya uhandisi hapa Industrial Area, Nairobi. Programu hii, inayokokotoa mikazo na mitetemo ya miundo, ni ya bure na ya chanzo huria, na waandishi wake ni Guido Dhondt na Klaus Wittig. Kazi iliyonilazimu kuichunguza kwa undani ilikuwa jukwaa la chuma la kubebea jenereta ya dizeli juu ya paa la ghala. Jenereta ya hertzi 50 yenye ncha nne za sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, lakini kabla ya kufikia mwendo huo hupitia kasi zote za chini, zikiwemo zinazolingana na frikwensi asilia za jukwaa lenyewe, yaani zile ambazo kwazo hutetemeka kwa urahisi zaidi. Jukwaa letu lilikuwa na mbili njiani, karibu na hertzi 9 na hertzi 17, na mteja alitaka kujua kama chuma kingestahimili sekunde hizo chache za kuwasha mashine.

Nilianza kwa njia ya moja kwa moja, ambayo hutatua milinganyo yote ya modeli katika kila hatua ya muda. Niliacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha, umeme ukakatika saa tisa usiku, na asubuhi sikuwa na chochote mkononi. Mteja alicheka sana niliposimulia, maana ndiyo sababu hasa ya yeye kununua jenereta.

Ndipo nikageukia kujumlisha modi. Programu hutafuta kwanza maumbo ya mtetemo ya jukwaa, kisha kila umbo, yaani modi, hugeuka kuwa mlinganyo mmoja mdogo, kama uzito mmoja unaoning'inia kwenye springi; majibu ya modi zote hujumlishwa mwishoni. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba kani inayobadilika kwa mstari ulionyooka kati ya nukta mbili za muda hupata jibu kamili, kwa hiyo hatua ya muda huchaguliwa ili kuichora kani vizuri tu. Nilitumia sekunde 0.002, na kazi ya usiku mzima ikaisha kabla chai haijapoa. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kosa langu mwenyewe: nilisahau kuandika STORAGE=YES, agizo la kuhifadhi modi kwenye faili, katika hatua ya kutafuta frikwensi, na bila faili hilo hatua inayofuata haina pa kuanzia.

Kasi hiyo ilikaribia kunipotosha. Kwa modi 12, mabadiliko ya nafasi ya jukwaa yalikubaliana na ya njia ya moja kwa moja, ambayo nilifanikiwa kuirudia wikendi moja, na kama ningeishia hapo ningeandika ripoti kwa furaha. Lakini mkazo kwenye weldi ya kiegemeo kilicho chini kabisa ya injini ulitoka mdogo mno. Sababu ni kwamba kani inayosukuma mahali padogo huchukuliwa kwa sehemu na modi za juu sana, ambazo hazitetemi kwa hertzi 25 ila hujipinda tu kama springi ngumu; ukizikata, unakata pia mpindo na mkazo wa mahali hapo. Jumla ya tungamo fanisi, yaani sehemu ya tungamo la jukwaa inayowakilishwa na modi zilizohesabiwa, ambayo programu huichapisha kwenye faili la .dat, ilikuwa imeshapita asilimia 90, na bado weldi ilinidanganya. Nilipofika modi 60 tofauti ikawa ndogo ya kukubalika.

Ufifishaji, yaani kiwango cha mtetemo kufifia, niliuweka kwa kila modi peke yake, jambo rahisi kuliko kubahatisha vigezo viwili vya Rayleigh vinavyouamua kwa modi zote kwa pamoja. Kikwazo ambacho sikuweza kukikwepa ni kwamba njia ya kujumlisha modi ni ya mambo ya mstari pekee, ambapo jibu hukua sawia na kani: mteja alipouliza itakuwaje iwapo pedi za mpira zitainuka kutoka kwenye chuma wakati wa kuzima, nilirudi kwenye njia ya moja kwa moja, safari hii nikiwa nimekodi betri ya akiba.