Nimeipima Wiktionary kwa silabi moja tu: "na"

Naanza na hukumu kabisa ili asiyependa maandishi marefu aondoke nayo: Wiktionary, kamusi ya mtandaoni, ni nzuri sana, ni bure, haina matangazo, haikuombi namba ya simu wala kufungua akaunti, na kwa kazi ya kufuatilia kasilabi kadogo kanavyobeba maana tofauti toka lugha moja mpaka nyingine mimi sijaona kitu cha kuishinda. Ina kasoro, nitazisema, na moja ni kubwa.

Kwa msioijua, ni ndugu yake Wikipedia, iko chini ya Wikimedia Foundation, ilianza Desemba 2002 na inaandikwa na watu wa kujitolea. Kilichonivuta mimi ni jinsi ilivyopangwa. Ukurasa mmoja unabeba umbo moja la neno, lugha zote humohumo, kwahiyo ukitafuta "na" haupewi ya Kiswahili peke yake, unapewa ya kila lugha inayoandika hivyo, zimepangwa kwa alfabeti, kila moja na maana zake na mara nyingi na asili yake. Ap za kutafsiri haziwezi hii kazi, ukiipa ap herufi mbili tu inabidi ibahatishe ni lugha gani halafu ikupe jibu moja, na hapo wewe unaamini umepata maana kumbe umepata maana moja kati ya makumi.

Nimeichagua "na" kwasababu kwetu yenyewe tayari ina kazi nyingi mno. Angalia sentensi hii: kuku aliliwa na kicheche na sasa nina vifaranga wanalia. Ya kwanza inaonesha mtendaji, ya pili inaunga, ya tatu ni kumiliki, ya nne iko katikati ya kitenzi inaonesha wakati uliopo. Sentensi fupi, "na" nne, na hakuna Mswahili hata mmoja anayechanganyikiwa. Sasa ukishajua hivyo ndo utaanza kuuheshimu huo ukurasa, maana kumbe kila lugha inayo yake na yenyewe imeshiba vilevile.

Kilingala ndo kinanifurahisha zaidi. "Nazali na mbongo na ndako", yaani nina hela nyumbani. "Na" ya mwanzo kwenye nazali ni mimi, ya pili ni ile ya kuwa na kitu kama yetu, ya tatu ni mahali, ile kazi ambayo sisi tunaifanya kwa -ni au kwa kwenye. Wapenzi wa rumba tumesikia "yo na ngai" miaka yote na ile tunaielewa bila kufundishwa, wewe na mimi, ila ukikutana na "na Kinshasa" unaanza kujiuliza Kinshasa na nani tena, wakati ni Kinshasa tu, mahali. Hii yetu na yao ni ndugu wa damu, ni ya Kibantu ya zamani, utaikuta kwa Wakikuyu, utaikuta kwa Wazulu, na Wazulu wameongeza nyingine yao ya kumalizia swali.

Sasa toka nje ya Kibantu. Kireno "na praia" maana yake ufukweni. Kipolandi "na plaży" maana yake ufukweni pia. Ukisikia hivyo, na hasa kama na Kilingala unakijua, unaapa kabisa kwamba hizi lugha ziliibiana mahali fulani. Hapana. Sehemu ya asili ya neno ndo inakuokoa hapo: ya Kireno ni maneno mawili yaliyobanwa, "em" na "a", yaani "katika" pamoja na kile kitambulishi cha kike, kineno kama "the" ya Kiingereza, yametoka kwenye Kilatini. Ya Kipolandi ni kihusishi cha Kislavi cha toka enzi na enzi, juu ya, kwenye. Ya Kilingala ni Kibantu. Watu watatu hawajuani, wamekutana ufukweni kwa bahati. Mimi kwa hili peke yake naipa hii kamusi heshima kubwa, maana mitandaoni kumejaa watu wanaoshika silabi mbili zinazofanana halafu wanatujengea historia nzima ya makabila kuhama toka Misri kwasababu ya silabi mbili.

Na upande wa pili kuna zinazoonekana mbali ila ni ndugu kweli. Kiajemi "na" ni hapana. Kigujarati "na" ni hapana, wenye kufanya biashara na Wahindi wa Dar na Mombasa hii mnaijua vizuri. Kihindi nacho kinayo ya kukanusha, kina na nyingine ya kubembeleza mwisho wa sentensi, "chalo na", twende basi. Hizi za kukanusha zinatoka shina moja na "ne" ya Waslavi na hata "no" ya Kiingereza. Ila Mgiriki akikwambia "ne" amekubali, kwao hiyo ndo ndiyo, na "na" yao ni kitu kingine kabisa, inatangulia kitenzi cha kutaka au kukusudia, zamani ilikuwa "hina" ikapotezwa kichwa. Mgiriki huyohuyo akisema "na!" amekuonesha kitu, kile pale, ila akiisema huku amekunyooshea kiganja wazi usoni amekutukana, na tusi zito.

Nirudi kwa Wapolandi kidogo maana Zanzibar wanakuja wengi na nyie mnaofanya kazi hotelini mnaweza kulisikiliza hili. Wao wakisema wako Tanzania wanatumia "w", w Tanzanii. Wakisema wako Zanzibar wanasema "na Zanzibarze". Visiwa wanavipa "na", nchi nyingi wanazipa "w". Hamna siasa hapo, kisiwa ni kisiwa tu. Ila kwa Kirusi silabi hiyohiyo imeleta ugomvi mkubwa, maana Ukraine ilikuwa inasemwa kwa "na", kama vile ni eneo tu, wakati nchi zenye mipaka yake kwa kawaida zinapewa "v", na mwaka 1993 serikali ya Ukraine iliomba isemwe kwa "v" kama nchi nyingine. Silabi moja. Mtu anayesema sarufi ni mambo ya darasani tu asome hapo.

Nyingine nazipitia haraka. Kiholanzi ni baada ya. Kitagalogi cha Ufilipino ni tayari, sasa. Kikorea ni mimi, wapenzi wa tamthilia mmeshaisikia mara elfu, ila ni ya mtu na mwenzie, mbele ya mkubwa inabadilishwa inakuwa "jeo". Kisomali "na sii" ni tupe, na wanayo nyingine ya kuunga kama yetu ila wao wanaibandika nyuma ya neno. Pijini ya Nigeria "na" ni ile "ni" yetu, "na me" maana yake "ni mimi", kwahiyo kwenye muvi zao mtu akisema "na so" hajaunga chochote, anasema ndivyo. Vietnam ya kaskazini "na" ni topetope, tunda kabisa la kula, hii sikuitegemea na nimeipenda.

Sasa kasoro. Ile kubwa ni kwamba ukurasa unafuata maandishi, haufuati sauti. Wewe unayefuatilia silabi ilivyo mdomoni utakuta imetawanyika: ya Kirusi iko ukurasa wa на, ya Kigiriki iko να, ya Kikorea iko kwenye herufi zao, ya Kihindi kwenye zao. Kichina ndo balaa, toni ikipanda ni "chukua", ikishuka ni "ile", ikishuka ikapanda ni "ipi", na kila moja ina alama yake na ukurasa wake. Hata "na" zetu wenyewe zimegawanywa, ile ya katikati ya kitenzi inaandikwa na vistari huku na huku, -na-, na inakaa kwake. Juu kabisa ya ukurasa kuna kimstari cha kukuelekeza kwenye maumbo yanayofanana, watu wengi wanakiruka, usikiruke, bila hicho utamaliza ukurasa ukidhani Warusi hawana "na".

Ya pili ni lugha ya maelezo. Toleo lililojaa ni la Kiingereza, na asiyesoma Kiingereza vizuri anaachwa nje, jambo linaloniuma kwasababu mtu wa Kigoma anayeongea lugha nne angefaidi hii kitu kuliko profesa yeyote. Toleo la Kiswahili lipo, linaitwa Wikamusi, ila bado ni dogo sana ukilinganisha. Na sauti za matamshi hazipo kwa kila lugha, kwa lugha za toni hilo ni pengo kweli.

La tatu sio kasoro hasa, ni tahadhari. Kila mtu anaweza kuhariri. Kwahiyo maana ikikushangaza fungua historia ya ukurasa uone nani kaongeza na lini, na asili ya neno isiyo na rejeo lolote iache kwanza usiende kuitangazia watu.

Ujanja wa matumizi: ukurasa wa neno fupi ni mrefu vibaya mno kwenye simu, usiskroli kama kichaa, kwenye anwani mwishoni ongeza alama ya reli na jina la lugha kwa Kiingereza, #Swahili, #Lingala, inakupeleka moja kwa moja. Bando haili sana maana karibu yote ni maandishi. Walimu mlio sehemu mtandao unasumbua kuna ap inaitwa Kiwix, nayo bure, unadaunlodi kamusi nzima mara moja ukiwa mjini halafu unaitumia bila intaneti, ila toleo la Kiingereza ni GB kadhaa kwahiyo andaa memori kadi kabla.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwaajili ya Wikamusi, na wanafunzi wa isimu pale Mlimani, SUZA na Nairobi mnaiweza hii kazi, anzeni na maneno mafupi, na, ni, wa, ya, si, haya ndo yanatumika kila sentensi na ndo yana maana nyingi za kuandikwa vizuri na mtu anayekiongea Kiswahili toka utotoni.