Siku tano Dar hadi Mikindani kwa gari la kukodi: nyota mbili kwa gari, tano kwa dereva

Nilikodi gari pamoja na dereva kwa siku tano mwezi Agosti. Laki moja na sitini kwa siku, mafuta juu yangu, na dereva ale na alale kwa gharama yangu. Abiria tulikuwa wawili tu, mimi na mama yangu mzazi. Njia yetu ilikuwa Mbagala, Kibiti, Kilwa Masoko, Lindi, Mikindani, na kurudi. Wenye gari siwataji maana bado tunadaiana.

Mama ni mtu wa Lindi. Alikuja Dar akiwa binti, zama za kivuko cha Ndundu, wakati ambao basi likifika Rufiji kwenye masika abiria walijua watalala hapo, siku moja au tatu, wakipika ugali kando ya tairi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 akasema sasa atakwenda. Akasema hivyo kila mwaka. Mara msiba, mara ada za wajukuu, mara mvua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mafuriko yake vikaikata barabara kule Somanga, akasema basi, kusini hakumtaki. Safari hii sikumuuliza, nilimwambia tu afunge kibegi.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu wa ofisini. Ijumaa tuondoke saa mbili baada ya chai, saa nane tuwe Kilwa, saa tisa tuvuke kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, saa moja usiku tule samaki. Jumamosi asubuhi Lindi. Simu ilinipa kilomita na saa, nami nikazipanga kama vipindi vya darasani.

Alhamisi jioni dereva akapita nyumbani kuangalia mizigo. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Akamwamkia mama, akaisoma karatasi yangu kimya, kisha akauliza, "Dada, leo mwezi wa ngapi?"

Nikadhani anauliza mambo ya dini. Mama ndiye aliyejibu, toka jikoni: "Kumi na tatu."

"Basi tuna bamvuo," akasema, akaomba kalamu.

Kwa wenzangu mliokulia bara: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana. Ndiyo bamvuo. Katikati ya hapo maji hucheza kidogo tu, yanaitwa maji mafu. Huku kwetu siku za bamvuo maji hutoka kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, miamba inabaki wazi, watu wanaingia na vyuma vyao kuchokoa pweza. Kwa hiyo pweza mbichi anafika sokoni adhuhuri. Ukitokea saa moja usiku kama nilivyopanga mimi, unakula aliyelala kwenye barafu. Na mashua ya kwenda Kisiwani nayo inafuata maji hayo hayo: ukichelewa, unashuka mbali na ufuko na kutembea matopeni.

Akaandika upya. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Kibiti kabla ya saa tatu, kwa sababu, alisema, supu ya saa nne ni maji ya kusuuzia sufuria. Kilwa kabla ya swala ya Ijumaa, ambayo yeye hakosi. Kisiwani Jumamosi asubuhi na mapema. Pweza Jumamosi mchana. Jumapili Lindi, Jumatatu Mikindani, Jumanne nyumbani. Hakugusa simu hata mara moja. Nikaudhika kidogo, nisiwafiche, maana ile karatasi niliitengeneza wiki nzima.

Sasa gari. Nilikuwa nimeomba, na nikalipia nusu ya fedha yote kwa sababu hiyo, gari la juu linalovuta tairi zote nne, kwa kuwa nilitaka kufika ufukwe wa Msimbati, kule Mtwara, na nilishaambiwa mchanga wa kule haumjui mtu. Ijumaa alfajiri likaja Noah. Safi, limeoshwa, linanukia marashi ya dukani, lakini ni Noah ya kupelekea watoto shule. Ofisini simu ikaita bila kupokelewa. Dereva akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikabidhiwa hilo saa nne usiku na yeye si mwenye mali. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, ameshafunga mkanda. Tukaondoka.

Kongowe, Vikindu na Mkuranga tulizipita gizani. Kulipopambazuka nikaanza kuona mikorosho na wauza mihogo, na nikajifunza pia kwamba dereva huyu akiona nyumba tatu mfululizo anashuka hadi hamsini bila kuambiwa. Barabara ya kusini ni tupu, inakushawishi, na tochi za trafiki zinakaa hasa pale inapokushawishi. Kila kosa ni elfu thelathini. Siku tano hatukulipa hata moja.

Supu ya Kibiti ilikuwa ya mbuzi, ndimu, pilipili ya kuponda, chapati mbili za moto. Jiko la kuni, benchi la mbao, madereva wa malori wakila bila kuongea. Sina la kuongeza ila kwamba saa tatu na robo, wakati tunanawa, mama mwenye jiko aliongeza maji kwenye sufuria mbele ya macho yangu. Nikamwangalia dereva. Akaangalia pembeni.

Darajani mama aliomba tusimame. Juu ya daraja haisimamwi, ni kama mita 970 na malori yanapita, kwa hiyo tulipaki ng'ambo na akashuka kuutazama Rufiji. Agosti mto umepungua, una visiwa vya mchanga. Alitafuta mahali kivuko kilipokuwa akasema palikuwa na mwembe. Miembe iko mingi. Mbele kidogo dereva akatuonyesha upande wa Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa vita vya Maji Maji, tarehe 4 Agosti 1905, na mama akawa kimya hadi Somanga. Somanga tukanunua changu wa kukaanga kwenye gazeti, ndimu juu, tukala ndani ya gari. Kiti kina mafuta mpaka leo nadhani.

Kilwa Masoko tuliingia saa sita na dakika ishirini. Dereva msikitini, mama kitandani, mimi kukata kibali cha Kisiwani. Hilo fanyeni siku moja kabla, msiache hadi asubuhi ya safari.

Jumamosi tukavuka saa moja na nusu kwa mashua ya tanga, upepo wa kusi ukiwa bado umelala. Nilikuwa nimekwisha kuona picha za Kisiwani mara nyingi, na picha hazisemi ukubwa. Msikiti Mkuu una nguzo na kuba ambazo ukisimama chini unajikuta unanong'ona. Huu ndio mji uliokula dhahabu ya Sofala na kutengeneza sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu. Wareno wakauvamia mwaka 1505. UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwongozaji alitupeleka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwendo wa kutosha kwenye jua, na mama wa miaka sabini hakulalamika. Pale kuna birika la pande nane lililochimbwa juu ya jabali linalotazama bahari. Mwongozaji akaeleza jinsi lilivyopendeza likiwa na maji. Mama akauliza, "Na maji waliyapandisha akina nani?" Kijana wa watu akacheka, kisha akaacha kucheka.

Tulirudi kwenye mashua saa tano na maji yalikuwa yameshakwenda zake. Upande wa Masoko ilibidi kushuka mbali. Nahodha akajitolea kumbeba mama. Mama akamtazama kama aliyetukanwa, akapandisha khanga hadi magotini, akashika viatu mkononi na kukata matope peke yake, huku akituambia tukanyage palipo na majani ya baharini kwa sababu hapadidimii. Mtoto wa pwani hasahau.

Ndipo pweza. Akina mama walikuwa wanatoka majini na ndoo, na pale sokoni kijana mmoja alikuwa akiwapigapiga pweza kwenye saruji hadi walegee. Dereva alichagua mmoja, akamkabidhi mama lishe anayemjua, tukaambiwa turudi baada ya saa moja na nusu. Alipikwa kwanza kwa maji yake mwenyewe hadi yakakauka, bila chumvi, kisha tui jepesi, bizari, nyanya chache, tui zito mwishoni. Wali mweupe, ndimu, pilipili mbuzi. Nimekula pweza Kigamboni, Feri na Forodhani Unguja. Wote wale, baada ya huyu, nawaona walikuwa mipira. Kwa watu watatu tulilipa elfu ishirini na mbili pamoja na kazi ya kupika. Dereva alikula taratibu sana na hakusema "nilikwambia". Ningekuwa mimi ningesema.

Lindi nitaipita haraka kwa sababu ni ya mama zaidi kuliko yangu. Njiani tulipita kijiji kinaitwa Hoteli Tatu. Mama akauliza hoteli zenyewe ziko wapi, dereva akasema na yeye anazitafuta tangu aanze kazi. Mjini hatukuikuta nyumba aliyozaliwa, tulikuta duka la vifaa vya ujenzi. Lakini karibu na stendi bibi mmoja alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na chumvi iliyochanganywa na pilipili kwenye kikaratasi. Mama alinunua ya elfu mbili, akakaa ukutani akitazama bahari, akala yote. Nilipoomba akanipa mmoja. Ladha yake iko kati ya kiazi kikuu na udongo wa mvua, na nimeambiwa nitaizoea.

Nilisoma pia kwamba mifupa ya mjusi mkubwa inayotazamwa Berlin ilichimbwa Tendaguru, mkoani humu humu, kati ya 1909 na 1913. Mama alisema wangetuachia hata kidole.

Mikindani ni mahali pa kukaa siku mbili, sisi tulikaa usiku mmoja na nikajuta. Ghuba tulivu, milango ya nakshi iliyochoka, Boma ya Wajerumani ya mwaka 1895 juu ya kilima. Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenda bara na hakurudi pwani akiwa hai. Jioni tulikula kolekole wa kuchoma na bada, ule ugali wa muhogo.

Kabla ya hapo, mchana, ndiyo Msimbati. Kwa gari nililolipia tungefika ufukweni. Kwa Noah tulifika mita mia mbili kabla, likazama hadi tumboni. Vijana saba, majani ya minazi chini ya tairi, saa nzima ya jua, elfu thelathini ya shukrani. Mama alikaa chini ya mnazi akinywa dafu na kutoa maelekezo. Tukaenda ufukweni kwa miguu, mchanga mweupe hadi macho yanauma, tukakaa dakika ishirini tu maana jua lilikuwa linashuka na dereva hataki giza.

Giza likatupata kesho yake hata hivyo. Mtwara hadi Dar kwa siku moja ni kilomita zaidi ya 550, inawezekana, lakini haikubali kosa, na baada ya Kiranjeranje tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwa kipara. Unauona waya. Tuliitembeza kilometa kwa kilometa hadi Nangurukuru, tukasubiri fundi aliyekwenda msibani, tukanunua tairi la mtumba kwa fedha yangu. Mbagala tuliingia saa saba na nusu usiku. Kosa la kubana kurudi ndani ya siku moja ni langu: laleni Kilwa tena, au hata Kibiti.

Kwa hiyo gari nyota mbili, moja kwa injini na moja kwa marashi. Ofisi imekubali kwa mdomo kunirudishia tofauti ya bei na fedha ya tairi, elfu mia mbili na ishirini jumla. Kila Jumatatu naambiwa Ijumaa, kila Ijumaa mhasibu hayupo. Mkikodi popote, fungueni buti muione spea kabla hamjatoa hata shilingi, na namba ya usajili ya gari mliloahidiwa iandikwe kwenye risiti.

Dereva alinipigia juzi. Alisalimia, akauliza hali ya mama, kisha akasema, "Dada, leo mwezi kumi." Mama alisikia toka jikoni. Akauliza safari hii ni gari gani.