Miezi minane na Zulip: uzoefu wangu katika kundi la watafsiri wa programu huria

"Nywila" au "neno la siri"? Kundi letu la watu 14, tunaotafsiri programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) kwa Kiswahili kwa kujitolea, lilibishana juu ya hilo mara tatu katika mwaka mmoja. Mara zote tatu tulikubaliana, na mara zote tatu baadaye hakuna aliyeweza kuonyesha tulikubaliana nini. Mjadala ulikuwa umezikwa WhatsApp, chini ya picha za harusi, michango ya misiba, dua za Ijumaa na jumbe za sauti za dakika sita. Siilaumu WhatsApp. Sisi wenyewe ndio tuliogeuza ofisi kuwa kijiwe.

Leo tunatumia Zulip, programu ya mazungumzo ya kikundi, lakini kabla yake tulijaribu nyingine, ambayo sitaitaja. Ilikuwa inasimba kila ujumbe, asiye na ufunguo asiweze kuusoma, jambo jema, mpaka mwenzetu wa Bukavu alipobadilisha simu bila kuhifadhi ufunguo wake. Aliingia akakuta mazungumzo ya miezi miwili hayasomeki hata neno. Wiki ileile tukarudi kijiweni kimyakimya.

Zulip niliijua kupitia watengenezaji wa Rust, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambao huitumia katika kazi zao. Ilianza Marekani mwaka 2012, kampuni ya Dropbox ikainunua 2014, na 2015 msimbo wake ukatolewa huria. Hilo la mwisho lilinivuta. Ni aibu kuhubiri programu huria ukiwa umesimama kwenye mimbari ya kukodi.

Kinachoitofautisha na nyingine ni mada. Ndani ya kila chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, kila ujumbe unakaa chini ya mada yenye jina lake. Chaneli yetu ya istilahi ina mada "nywila", ina "jalada au faili", ina "tarakilishi, tena!". Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Mtu aliyezoea kuandika "jamani" na kutuma, sasa anatakiwa kwanza aseme anazungumzia nini. Tukawa na mada moja iitwayo "habari" iliyobeba kila kitu, mpaka mimi na dada mmoja wa Mombasa tukashika ufagio: unaweza kuhamisha ujumbe uliokwisha kutumwa ukaupeleka kwenye mada nyingine, na mada iliyokwisha unaiwekea alama ya vema. Kialama hicho ndicho kilichomaliza vita vya nywila. Aliyeibuka mwezi wa nne na hoja ileile alipewa kiungo tu, akasoma, akanyamaza. (Tulichagua "nenosiri", kwa hiyo pande zote mbili zilishindwa.)

Niliyemwogopea zaidi ni Mwalimu, mstaafu wa Tanga, ambaye Kiswahili chake ndicho kinachotusahihisha sote. Nilimpigia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwaliko umeupata?"

"Marahaba. Nimeupata, mwanangu, lakini mimi na programu mpya tulishapeana talaka."

Kumbe hakuhitaji kuifungua. Akitajwa, ujumbe unamfikia kwa barua pepe, naye anajibu kama anavyojibu barua yoyote. Jibu linaingia lenyewe chini ya mada inayohusika. Kila jibu lake huanza "Ndugu zangu wapendwa". Hatujawahi kumwomba aache.

Jingine lililonifurahisha ni saa. Bukavu wako saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, Muscat saa moja mbele, na bado kuna anayehesabu saa Kiswahili na anayehesabu Kizungu. Tumewahi kuitisha mkutano wa "saa mbili", wengine wakafika saa mbili na wengine saa nane. Kwenye Zulip unaandika wakati mara moja, na kila msomaji anauona kwa saa za kwake. Unaonekana 20:00, lakini hiyo tafsiri tunaimudu, ndiyo kazi yetu.

Sasa bando. Baadhi yetu hununua bando la mitandao ya kijamii, ambalo WhatsApp inafunguka na Zulip haifunguki. Watano kati ya 14 hawajahama mpaka leo, nami kila Jumapili nanakili maamuzi ya wiki nikiwapelekea kijiweni. Hapo hakuna programu itakayonisaidia. Jua pia kwamba Zulip haina huduma yake yenyewe ya kupigiana simu. Kitufe cha simu kinakupeleka Jitsi, programu nyingine ya mikutano ya video. Na mpango wa bure unakuruhusu kutafuta ndani ya jumbe 10,000 za mwisho tu, ingawa miradi huria inaweza kuomba udhamini ikapata mpango mkubwa zaidi bila malipo. Omba mapema, kabla maamuzi ya zamani hayajapita mpaka huo.

Kundi lenu likiwa la watu wanne wanaoonana kila siku, msijisumbue. Mkiwa wengi, kila mmoja anaingia kwa wakati wake na mnabishana juu ya maneno kama sisi, jaribuni, lakini kwanza pateni mtu wa kushika ufagio.

Wiki iliyopita nilimpa Mwalimu anwani ya barua pepe ya chaneli ya istilahi. Ukiandikia anwani hiyo, kichwa cha barua ndicho kinachokuwa mada. Asubuhi nikakuta mada mpya: "Nani ameruhusu 'kudanilodi'?" Chini yake, aya saba.